Picha mbovu kwanza: Liemba yangu ya sentimita 71

Mimi kazi yangu ni kuuza dawa, niko famasi moja huku Mbagala, natoka saa 2 usiku, na kwa miaka kama sita sasa nikishakula na kuosha vyombo nakaa kwenye kimeza pembeni ya kitanda najenga meli. Meli yenyewe ni moja tu, MV Liemba. Ile ya kweli ya Ziwa Tanganyika ina urefu wa mita 71 na kidogo, yangu ina sentimita 71 na kidogo, kila kitu nimekigawa kwa 100, kwahiyo mtu mzima wa mita 1.70 kwangu anakuwa milimita 17 na reli ya kushikilia yenye mita 1 inakuwa sentimita 1. Watu wengi wakiiona wanauliza kwanini nisinunue kabati hizo hela nikaelewana na maisha, na mimi huwa nawajibu tu kwamba naipenda, kwasababu maelezo yake ni marefu, ndo haya leo nayaandika.

Mama yangu alikuwa anafanya biashara ya mchele na dagaa wakavu, anatoa Kirando, kijiji cha pembeni ya ziwa, anapeleka Kigoma. Nikiwa na miaka sita saba hivi alikuwa ananichukua shule zikifungwa. Kirando ya kipindi hicho gati hakuna, Liemba inasimama huko majini inapiga honi, afu mitumbwi na maboti yote ya kijiji yanaikimbilia, yanaizunguka kama vifaranga, na mara nyingi ilikuwa usiku, taa za meli zinawaka, watu wanaitana, magunia yanapanda, mbuzi anapanda, kuku wanapanda, mtoto anarushwa huku anadakwa kule. Ubavuni kuna mlango. Mimi nilivutwa na mkono wa mwanaume ambaye sura yake sikuwahi kuiona, na kabla sijaingia kiganja changu kilipita kwenye chuma cha ubavu nikavisikia vile vichwa vya ribiti, zile pini za chuma zinazounganisha mabati ya meli, vimejipanga, vya mviringo, vina ubaridi wa maji ya ziwa. Hiyo kitu haijawahi kunitoka mkononi mpaka leo.

Sasa niliposikia Liemba imesimama safari zake inasubiri matengenezo, nilijisikia vibaya sana, kama umeambiwa bibi yako amelazwa na uko mbali. Mwaka huo huo nikaenda Sabasaba na mashoga zangu, tunapita mabanda ya samani, nikamkuta baba mmoja wa makamo ametandika kitambaa chini amepanga majahazi madogo, ya mbao, yana mlingoti, foromali ule mti wa kufungia tanga, tanga la kitambaa cheupe, mpaka yale macho ya omoni, pale mbele, wanayochora watu wa Lamu ameyaweka. Wenzangu wakaenda kula chipsi, mimi nikabaki pale saa nzima. Alinipa jahazi moja nilishike. Nikageuza nikatazama chini, mkuku, ule mti wa chini kabisa unaoshika chombo, umenyooka kama uzi, mbao zimekutana huwezi kupitisha ukucha. Nikamwambia mimi nataka kujenga Liemba. Hakushangaa kabisa, alisema tu, "Anza dada yangu, ikikuharibikia niletee nione." Tukapeana namba. Mimi huyu namuita Fundi mpaka leo.

Nikaanza. Na ikaharibika, na sikumpelekea.

Nilikata mataruma, zile mbavu za ndani, ya plaiwudi ya milimita 3, nikayapanga kwenye mkuku, nikaanza kubandika vipande vyembamba vya mbao vya ubavu, na kwa vile nilikuwa na hamu ya kuona umbo nikabandika upande wa kushoto wote mpaka juu ndo nikahamia kulia. Gundi nyeupe ya seremala ikikauka inavuta. Asubuhi nikaitazama kwa mbele, omo imekwenda kushoto milimita 6. Milimita 6 kwenye meli ya kweli ni zaidi ya nusu mita, yaani meli inatazama pembeni. Niliifunga kwenye kanga nikaisukuma chini ya kitanda ikakaa miezi minne. Fundi akipiga simu kusalimia, anauliza meli vipi, namwambia inaendelea vizuri. Nilikuwa naona aibu ya kweli, yule mtu ana mkono wa dhahabu, nitamuoneshaje kitu kimepinda.

Kilichonitoa ni kwamba siku moja yeye ndo alianza. Alinitumia picha ya jahazi lake limepasuka ubao wa tatu kutoka juu, mbao ilikuwa haijakauka vizuri, afu akaniuliza mimi ningefanyaje. Mimi! Nilikaa na ile picha muda mrefu, afu nikaenda kuvuta kanga chini ya kitanda nikapiga picha ya mbele, bila kuchagua engo nzuri, nikamtumia. Jibu lake lilikuwa sauti ya dakika nne hivi, na ndani ya hizo dakika nne hakuna hata sehemu moja aliyosema nimekosea. Alieleza kwamba wao Lamu wanalaza mkuku kwanza afu mbao zinapanda kidogo kidogo pande zote mbili zinakwenda pamoja, mataruma mengine yanafuata umbo la mbao, hayalazimishi, na kwamba chombo ni kama mzigo kichwani, ukiegemeza upande mmoja shingo inakwenda. Mwisho akasema atamuuliza mteja wake wa zamani aliyeko Hamburg, ni Mswahili wa Mombasa, anajenga meli za boksi, zile zinazouzwa vipande vipande, anajua mambo ya gundi.

Basi ndo nikampata na Kaka. Kaka wa Hamburg ni mtu wa taratibu mno, anaandika meseji kama anaandika barua. Aliniuliza gundi gani, nikamwambia nyeupe, akasema hiyo inaachia kwa spiriti. Nikacheka peke yangu maana spiriti nauza kila siku, iko kwenye shelfu la nyuma yangu. Akanielekeza: pamba, loweka, laza kwenye mshono, funika na nailoni isiruke hewani, subiri nusu saa, afu pitisha kisu butu taratibu. Nilifanya hivyohivyo usiku mmoja mvua inanyesha. Gundi iligeuka ikawa laini nyeupe kama mtindi, ubao ukanyanyuka wenyewe mzima mzima bila kuvunjika, nikaufuta, nikauweka pembeni nikauandikia namba kwa penseli. Nilitoa mbao 14 wiki hiyo. Nikarudisha sasa mmoja kushoto mmoja kulia, kama fundi anavyofunga nati za tairi, huwezi kukaza upande mmoja ukamaliza. Omo ikarudi. Siyo sifuri kabisa, ikabaki nusu milimita, na hiyo nilikubali.

Ila kuna kitu sikuwaambia. Wakati natoa zile mbao, ubavu wa kushoto karibu na tezi, yaani huku nyuma, ulibonyea ndani, na badala ya kusema nikauziba na bodifila, ile ya kunyooshea magari, nikapiga msasa, nikapaka praima, ukawa safi huoni kitu. Nikaona tayari nimewasumbua vya kutosha.

Babu alikuja mwaka uliofuata. Huyu ni jirani wa baba yangu mdogo pale Mwanga, Kigoma, alifanya kazi kwenye injini za meli za ziwani mpaka akastaafu. Nilikwenda msibani Kigoma nikapewa habari zake, nikaenda kumsalimia, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikamuonesha picha kwenye simu. Alivaa miwani akaangalia muda mrefu sana afu akauliza swali ambalo lilisimamisha kazi yangu yote: "Hii unayojenga ni ya mwaka gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nachukua picha yoyote ninayoipata. Kaka alikuwa amenitumia historia yote, kwamba ilijengwa Papenburg kule Ujerumani 1913 ikafungwa kwa bolti, ikaandikwa namba kila kipande, ikafunguliwa tena, ikapakiwa kwenye makasha maelfu ikaja mpaka Dar, ikapanda treni ya reli ya kati mpaka Kigoma, na pale Kigoma ndo ikapigwa ribiti za kweli ikashushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Na kwamba waliipachika mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg baada ya ile manowari kuishia Rufiji. Mimi nikautengeneza mzinga na nikauweka omoni, kwa uzuri tu wa mzinga. Wakati huohuo nimeweka vitu nilivyoviona kwenye picha za juzi juzi. Babu akaniambia kwa upole kabisa kwamba hiyo haijawahi kuwepo, meli ni ile ile ila kila kipindi ina sura yake, walipoitoa mvuke wakaitia injini za dizeli miaka ya 1970 ilibadilika, na mtu akijenga lazima achague siku. Akanipa mfano wa picha ya mtu yenye nywele za utotoni na ndevu za uzeeni.

Afu akanisimulia anachokipenda yeye. Mwaka 1916, mwezi wa saba tarehe 26, Wajerumani walipoona wanazidiwa waliizamisha wenyewe isichukuliwe, ila kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza wakaja kuiibua 1924, ilikuwa imekaa chini ya maji miaka mingi, wakakuta mitambo inafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi safari na jina la Liemba. Babu akisimulia hapo kwenye grisi mikono yake inafanya kama anapaka kweli, anazungusha, anaingiza vidole kwenye kona. Alisema yule aliyepaka alikuwa fundi na hakupaka kwa ajili ya jeshi, alipaka kwasababu huwezi kuacha injini yako ipate kutu. Kaka alipoisikia ile sauti niliyomrekodi Babu alijibu kwamba amesoma habari hizo mara nyingi lakini ndo mara ya kwanza anaona mikono ya mtu ndani yake.

Nikatoa mzinga. Nikachagua Liemba ya mama, ile ya miaka ya 90 niliyopandishwa mimi, na kuanzia hapo kila picha niliyotumiwa nilikuwa nauliza kwanza ya mwaka gani. Ule mzinga upo kwenye droo, siwezi kuutupa.

Sasa ije siku ya kuielesha. Aliyeleta hilo wazo ni kijana mmoja wa Mwanza, mwanafunzi, ni mjukuu wa kweli wa Babu, yeye anajenga feri na boti za mizigo kwa mabomba ya plastiki na makopo, mikono myepesi sana, na ana akili ya hesabu. Alinielekeza kitu ambacho sikuwahi kukiwaza, kwamba ukigawa urefu kwa 100 umegawa pia upana kwa 100 na kina kwa 100, kwahiyo uzito unagawanyika kwa milioni moja. Maana yake tani moja ya meli ya kweli kwangu ni gramu moja. Basi! Gramu moja ni tani moja. Liemba inachukua uzito wa tani 1,500 na kitu, kwahiyo yangu ili ikae majini kwenye mstari wake inatakiwa iwe kilo moja na nusu na kidogo. Nikaipeleka duka la jirani anayeuza unga, akaiweka kwenye mizani katikati ya wateja, kilo 2 na gramu 100. Nilikuwa nimebeba tani 500 na zaidi zisizo na kazi.

Nikaazima beseni la kuogeshea mtoto kwa dada wa chumba cha pili, nikalijaza maji, nikaishusha huku simu imesimamishwa kwenye sufuria ili wote wanne waone. Ilizama mpaka karibu na sitaha na ikalala kushoto. Ikalala kabisa, kama mtu aliyechoka. Kukawa kimya. Babu ndo akauliza, sauti ya chini, "Mjukuu wangu, huko kushoto kuna nini?"

Nikawaambia. Bodifila, karibu na tezi, niliipaka mwaka jana sikusema. Machozi yalinilenga, nasema ukweli, siyo kwa ajili ya mbao, ni kwamba hawa watu walikuwa wananipa usiku wao, Kaka anatoka kazini kwenye baridi ananipimia vipimo, Fundi anaacha kazi ya kumlisha ananirekodia sauti, na mimi nilikuwa nawatumia picha za upande wa kulia tu.

Hakuna aliyenisema. Babu alisimulia kwamba alipoanza kazi kwenye meli, mzee aliyemfundisha alikuwa na utaratibu mmoja, ukiingia zamu humuambii kinachokwenda vizuri, unaanza na kinacholia, kinachovuja, kinachochemka, mazuri utayasema baadaye mkinywa chai. Akasema na sisi tufanye hivyo. Picha mbovu kwanza. Tangu siku hiyo ndo utaratibu wetu, kila mtu akitaka kuonesha kazi anatanguliza palipoharibika, afu ndo anaonesha palipopendeza, na nakuambia urafiki wetu ulibadilika pale. Kabla ya hapo tulikuwa tunapongezana, kuanzia hapo tukawa tunasaidiana.

Bodifila niliichimba na patasi ndogo, ilitoka gramu 180. Ndani nikayachonga mataruma yawe membamba, nikatoa mbao ya mninga niliyoiweka kwenye mkuku kwa kudhani uzito ni uimara. Ikawa nyepesi hata kupita kiasi, ndo Fundi akashauri chubwi, zile risasi za wavuvi, nizipange chini kabisa katikati ya mkuku, maana uzito ukikaa chini meli inasimama, ukikaa juu inayumba. Nilinunua chubwi za shilingi elfu tatu Feri sokoni. Mara ya pili kwenye beseni ilikaa. Kijana wa Mwanza akanitaka niisukume kidogo na kidole, nikaisukuma, ikalala ikarudi, ikalala ikarudi, ikatulia. Dada wa chumba cha pili ambaye hajui lolote kuhusu meli alipiga vigelegele.

Ribiti ndo zilileta mabishano marefu kuliko yote. Kaka anasema kwa kipimo cha 1 kwa 100 kichwa cha ribiti cha sentimita 2 na nusu kinakuwa robo milimita, ukisimama hatua mbili hukioni, kwahiyo mjenzi mwenye heshima na kipimo haweki, au anaweka kwa siri sana. Babu hataki kusikia, anasema Liemba bila ribiti ni boksi. Kijana wa Mwanza hakubishana, alituma video ya mkono wake tu. Alikuwa amechukua gurudumu lenye meno kutoka kwenye saa ya mkononi iliyokufa, akalipachika kwenye mpini wa kalamu ya peni, akalaza karatasi ya bati laini ya vile visahani vya kubebea chakula juu ya kitambaa, akaliviringisha kando ya rula. Ukigeuza karatasi upande wa pili unakuta mstari wa vinundu, sawasawa, vidogo kuliko chembe ya chumvi. Nikaenda Kariakoo kwa fundi saa nikamuomba magurudumu mabovu, akanipa kiganja kizima bure. Nikajaribu. Ukikandamiza sana bati linatoboka, ukikandamiza kidogo halitokei kitu, kuna nguvu moja tu ya katikati na mkono unaijua baada ya kuharibu vipande ishirini hivi.

Nilibandika mabati ya ubavu wote, nikapuliza rangi nyembamba, na kwenye mwanga wa taa ya juu ribiti hazionekani. Lakini ukiweka taa ya simu pembeni, kivuli kinalala, zinatokea zote, mistari kwa mistari. Kaka alipoona alisema sawa, hapa nimekubali. Na mimi nilifumba macho nikapitisha kidole karibu na ule mlango wa ubavuni. Mengine siwezi kuyaeleza.

Nataka nimseme Fundi kidogo maana watu huwa wanadhani aliyejua zaidi hutoa tu. Mwaka juzi mwezi wa tisa alituma picha mbovu yake, jahazi la kuagizwa, akilalamika kwamba matundu ya misumari aliyotoboa kwa keekee yamepinda na haelewi. Wenzangu wakajadili mbao, wakajadili keekee yenyewe kwamba labda imelegea. Mimi niliikuza picha nikaangalia, matundu yalianza vizuri afu yanashuka chini taratibu, na ni ubavu mmoja tu, ule anaoufanya mwanga ukiwa unampiga usoni. Nikampigia pembeni, siyo mbele za watu, nikamuuliza, baba, ukitazama taa usiku unaona nini? Akanyamaza. Akasema taa zina ukungu kama zina duara, na ameshazoea. Nikamuuliza tangu lini, akasema mwaka wa pili yeo, yaani leo, kwa Kiamu chao cha Lamu, na anadhani ni uzee tu. Mimi siyo daktari lakini miaka yote hii kaunta nimekutana na mtoto wa jicho mara nyingi, nikamwambia hiyo inatolewa, nenda kapimwe, na kila siku saa 12 jioni nilimpigia kumuuliza umekwenda, mpaka mke wake akanizoea sauti. Alikwenda. Akafanyiwa jicho la kulia kwanza, baada ya miezi kadhaa la kushoto. Picha ya kwanza aliyotuma baada ya bandeji kutoka haikuwa jahazi, ilikuwa mkono wake mwenyewe ameunyoosha juani, na maneno kwamba alikuwa hajui kama una makovu mengi hivi.

Angeficha yale matundu, angeyaziba na kuyapaka mafuta, sisi tungempongeza kama kawaida. Hilo huwa linanitisha hata sasa.

Mwezi wa nne mwaka huu mama alikuja Dar kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Meli ilikuwa karibu imekwisha, imebaki boti za kuokolea na kamba. Niliiweka mezani nikafunua kanga. Mama sasa hivi ana miaka 70, magoti yanamsumbua, alivuta kiti akakaa, akaiangalia kuanzia omo mpaka tezi bila kusema neno, afu akaweka kidole kwenye sitaha ya nyuma akasema hapa nilikuwa naweka magunia, na wewe ulikuwa unalala juu yake. Akahamisha kidole, hapa ndo choo, kulikuwa na foleni. Akafika kwenye mlango wa ubavuni, akauona, akatikisa kichwa polepole. Mimi moyo unanidunda. Nilidhani nimekosea kipimo cha mlango.

"Mbona haina mitumbwi?"

Nikamwambia mama, hii ni meli peke yake. Akasema Liemba haijawahi kuwa peke yake, ikisimama Kirando ilikuwa na mitumbwi mingi kuliko ulivyoweza kuihesabu, watu wangepandaje? Sisi tungepandaje?

Usiku ule ule nikatuma picha, meli kwenye meza tupu, nikaandika chini picha mbovu, mama kasema haina mitumbwi. Nilidhani watacheka. Fundi ndo alijibu wa kwanza, kwamba mtumbwi wa mita 5 ni sentimita 5, hiyo ni kazi ya jioni moja, yeye atachonga mmoja kwa mabaki ya mbao za jahazi na kila mtu achonge wake kwa mbao aliyonayo mahali alipo. Babu akasema atachonga wa mwembe kutoka uani kwake ingawa mikono inatetemeka, na hatouchonga kwa kufikiria, atakwenda mwenyewe ufukweni Ujiji akauangalie wa kweli kwanza. Kijana wa Mwanza anatengeneza na watu wa kukaa ndani, milimita 17 kila mmoja, kwa waya wa shaba na karatasi, na amemuuliza mama kwa simu wanawake walikuwa wanafunga kanga vipi wakiwa wamebeba mtoto na mzigo kwa pamoja, mama akamueleza dakika ishirini nzima, mzigo unakaa wapi, fundo linakaa wapi.

Kaka naye alikwenda kwenye ile makumbusho ya meli ya Hamburg, iliyofunguliwa 2008 kwenye ghala la zamani la bandarini, ina vijimeli vidogo makumi ya maelfu, vingi vya kipimo cha 1 kwa 1,250, Liemba yetu kwa kipimo hicho ingekuwa sentimita 5.7 tu, urefu wa mtumbwi wangu na kidogo. Alikaa pale mpaka jioni akitazama jinsi walivyofanya maji. Afu akarudi nyumbani kwake akachonga.

Mtumbwi wa Babu umefika kwa basi ndani ya kopo la majani ya chai. Una mkono wa mtu mzee, haujanyooka sana, na una harufu ya mwembe. Mama ndo kauchagulia mahali, chini kabisa ya mlango, wa kwanza kufika. Wa Fundi uko njiani na mtu anayekuja Dar. Ule wa Kaka umefika juzi kwenye bahasha kutoka Hamburg, wameukandamiza huko njiani na kasia limekatika vipande viwili. Nimeutoa, nimeuweka juu ya karatasi nyeupe pamoja na vile vipande, nimewasha taa ya pembeni, nimempigia picha hivyohivyo.